Fedha ya Mpinga Utumwa Ukonongo
Kila nifikapo Inyonga humkumbuka Livingstone, aliyepita Ukonongo pamoja na Stanley mapema mwaka 1872. Aliamini kuwa biashara halali ingeiua biashara ya watumwa. Hapo ndipo hoja yake inaponikwaza. Fedha ya huku ilikuwa shanga na merikani, kitambaa kilichopimwa kwa doti. Doti ileile ilimlipa mpagazi wake, ikanunua pembe, ikanunua mtu. Tena, kabla ya 1865, pamba ya merikani ililimwa zaidi na watumwa wa Marekani. Baadaye serikali ya Wajerumani ilileta rupia zake, na tangu 1898 ikazidai kwa kodi ya nyumba. Utumwa haikuufuta; ulisubiri sheria ya Waingereza ya mwaka 1922.