Pete ya Mama Röntgen: Chuma Mwilini na Picha za Hospitali

Leo naanza na mkono wa mwanamke.

Tarehe 22 Desemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, Profesa Wilhelm Röntgen alimwomba mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la kupigia picha. Wiki chache kabla, tarehe 8 Novemba, profesa alikuwa amegundua miale isiyoonekana kwa macho, ambayo hupenya nyama. Picha ilipotoka, mifupa ya vidole ilionekana yote, na kwenye kidole kimoja palikuwa na donge jeusi. Ilikuwa pete yake. Watu husifu ile mifupa, lakini mimi kila nikiiona picha hiyo hutazama pete. Mfupa uliokuwa ndani ya pete haukuonekana kabisa. Kama ungekuwa na ufa, hata Röntgen mwenyewe asingejua.

Chuma huizuia miale kuliko mfupa unavyoizuia. Katika eksirei za siku hizi chuma hutokea cheupe, nacho huficha kilicho nyuma yake. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto aliyevunjika mguu kupigwa picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Usidhani wanakuongezea gharama bure.

Mwanzoni tatizo lilikuwa pete na vifungo, vitu vya kuvuliwa. Kisha madaktari wakaanza kuacha chuma ndani ya mwili. Mwaka 1939 daktari Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kupitisha msumari mrefu ndani ya mfupa wa paja uliovunjika. Leo hapa kwetu majeruhi wengi wa bodaboda wanatembea kwa sababu ya misumari, sahani na skrubu za namna hiyo.

Ikaja siti skani. Hesabu yake ilianza kufikiriwa hapa Afrika: mwaka 1956 Allan Cormack alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mashine yenyewe ilitengenezwa na Godfrey Hounsfield wa Uingereza, na mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mama, fikiria majirani wameizunguka nyumba, kila mmoja anachungulia kwa dirisha lake. Kompyuta huwauliza wote, halafu huchora kilichomo ndani. Sasa weka kabati kubwa katikati ya chumba. Kila jirani analiona kabati, haoni nyuma yake. Kompyuta haijui kunyamaza, hivyo huchora tu. Ndipo mistari myeupe na myeusi hutawanyika kutoka kwenye chuma kama miale ya jua, ikakatiza hata nyama iliyo nzima. Mstari mweusi unaweza kufanana na ugonjwa usiokuwepo, na mweupe unaweza kuuficha uliopo.

Mwaka 1987 Willi Kalender na wenzake huko Ujerumani walieleza njia ya kuiamuru kompyuta ifute kivuli cha chuma, kisha izibe pengo kwa vipimo vya jirani. Picha husafika sana. Lakini kuziba ni kukisia, na vitu vidogo vilivyo karibu na chuma huweza kupotea.

Mashine ya MRI haitumii miale hiyo. Njia yake ilitangazwa na Paul Lauterbur wa Marekani mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walituzwa Nobel mwaka 2003. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayokuletea sauti yangu. Chuma huivuruga sumaku, mashine ikashindwa kujua sauti ya mwili imetoka wapi. Hubaki shimo jeusi, na viungo vilivyo karibu huonekana vimepinda. Chuma cha pua huvuruga zaidi, titani kidogo.

Huko kwenye MRI kuna hatari kubwa kuliko picha mbaya. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtungi wa oksijeni ulivutwa na sumaku, ukamgonga na kumuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine. Kwa hivyo ukiulizwa maswali yale yale mara tatu mlangoni, jibu mara tatu.

Mtoto mvue hereni, vibanio vya nywele, hirizi yenye chuma na pini ya nepi kabla hajaingia. Eksirei au siti skani ikiharibika na kurudiwa, ni mtoto anayepata miale mara ya pili.

Akina mama huniuliza: mwanangu ana msumari pajani, je, picha ya kichwa itakuwa ya kweli? Kwa siti skani, ndiyo. Miale haipiti pajani. Kwa MRI msumari wa pajani hautaharibu picha ya kichwa, lakini lazima useme upo, maana mwili wote uko karibu na sumaku. Beba ile karatasi uliyopewa siku ya kutoka hospitalini, iliyoandikwa ni chuma gani na kiliwekwa mwaka gani. Kama iliraruka au kulowa mvua, rudi ulikotibiwa uombe nyingine kabla ya siku ya picha.