Sehemu ya 6: Kifaa cha mapigo ya mtoto kilivyotokana na nyota

Wapendwa wa Sigino na Babati yote, swali limerudi tena: kile kifaa tunachokupaka jeli tumboni ndipo tusikilize mtoto, kina mionzi?

Hakina. Kinatuma sauti nyembamba mno, sikio haliisikii. Inagonga moyo wa mtoto na kurudi. Moyo ukisogea kukielekea kifaa, mawimbi yanarudi yamebanana. Ukienda mbali, yanarudi yametanuka. Hiyo tofauti ndiyo kifaa kinaigeuza kuwa "chwa-chwa-chwa" mnayoisikia. Ni kama honi ya basi la Singida: likija linalia juu, likishapita sauti inashuka.

Aliyeieleza kanuni hii ni Christian Doppler, mwaka 1842, huko Prague. Wala hakuwa anawaza wajawazito jamani! Aliandika kuhusu rangi za nyota pacha. Rangi alikosea, maana nyota haziendi kasi ya kutosha kubadilika rangi machoni petu. Kanuni yenyewe ilikuwa sahihi.

Waliomfuata walipata alama ya kupimia. Ukiutawanya mwanga wa nyota kama upinde wa mvua, unakuta mistari. Mmoja wa hidrojeni, kwenye wekundu, maabara unakaa nanomita 656.3. Chukua ulichopima angani, toa cha maabara, gawanya kwa hicho cha maabara. Basi. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alipima kitu kinachoitwa 3C 273 akapata 0.158. Maana yake mstari ule umesukumwa hadi kama nanomita 760, upande wa wekundu, yaani kitu kinatukimbia.

Sasa njooni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili hichohicho chetu. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei za angani (hizo ndizo zenye mionzi). Ikaonyesha kwamba eksirei za Cygnus X-1 zinachezacheza haraka mno. Upande ule kulikuwa na nyota kubwa ya buluu, na Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton wa Kanada, wakaipima mistari yake. Ilihamia wekundu, ikarudi kwenye buluu, kila baada ya siku 5.6. Nyota ilikuwa inazunguka kitu kisichoonekana!

Mwendo wake ni takriban kilomita 75 kwa sekunde. Gawanya kwa kasi ya mwanga, 300,000, unapata 0.00025. Zidisha kwa 656.3: mstari unahama nanomita 0.16 tu. Kwa kadogo hako wakakadiria uzito wa mwenzake asiyeonekana, wakakuta ni mzito kupita nyota yoyote iliyokufa ya kawaida. Wakasema ni shimo jeusi.

Ila wale walijua mstari upi ni wa nyota ipi. Ndiyo maana siwashauri kununua kifaa hiki mtandaoni mkajipima nyumbani. Ni rahisi kusikia mshipa wako mwenyewe ukadhani ni mtoto. Mtoto akipunguza kucheza, usisubiri asubuhi, njoo kituoni usiku huohuo.