Gesi ya Ziwa Kivu

Ziwa Kivu hapo zamani lilimwaga maji yake kaskazini. Volkano za Virunga ziliiziba njia hiyo, maji yakapanda hadi yakapata mlango kusini, na leo Mto Ruzizi unatoka ziwani penye mji wa Bukavu na kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Katika vilindi vya ziwa, vinavyofika mita 485 hivi, hakuna oksijeni; kuna kaboni dioksidi ya volkano, na methani inayotengenezwa na vijidudu.

Ajabu ni kwamba methani ya mbinguni ilijulikana kabla ya hii ya ziwani. Katika miaka ya 1930 wanaastronomia waliitambua kwenye mwanga wa Uranusi na Neptuni: inameza wekundu wa jua, ndiyo maana sayari hizo zina rangi ya samawati. Kuhusu Kivu, Mbelgiji Hubert Damas alilipima ziwa mwaka 1935 na 1936, akakuta maji ya chini yana joto na chumvi kuliko ya juu. Chumvi hiyo huyafanya mazito, nayo hubaki chini na gesi yake. Wingi wa methani ulielezwa na Schmitz na Kufferath mwaka 1955 tu.

Mwanzoni iliangaliwa kama kuni za bure: tangu 1963 mtambo mdogo wa Rubona uliipeleka kwenye kiwanda cha bia cha Gisenyi. Hofu ilikuja baadaye. Agosti 1986, kaboni dioksidi ililipuka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu 1,700 hivi. Kivu ina gesi hiyo kilomita za ujazo zipatazo 300, pamoja na methani 60, na pwani zake zimejaa watu.

Bukavu yenyewe iko kwenye ghuba yenye kina kifupi, cha mita mia moja hivi, na hazina kubwa ya gesi iko mbali kaskazini. Umeme wa mji ulitoka kwenye maporomoko ya Ruzizi, na wavuvi wake huvua sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao huishi kwenye tabaka la juu lenye oksijeni. Methani yenyewe ilianza kuzalisha umeme kwa wingi ng'ambo, Rwanda: mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulizinduliwa Kibuye. Huvuta maji kutoka mita 350 hivi; yakipanda, shinikizo hupungua na gesi hutoka, kisha maji hurudishwa chini ili matabaka yasivurugike.