Kila Mtutu na Risasi Yake

Mwanzoni mwa Agosti 1871 jeshi la wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili lilitoka Unyanyembe, eneo la Tabora, kwenda kumpiga Mtemi Mirambo. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone na akaingia vitani pamoja na watu wake, alilihesabu jeshi hilo: watu zaidi ya 2,000, na kama 1,500 kati yao walikuwa na bunduki. Nyingi zilikuwa gumegume, yaani bunduki za kushindilia mdomoni zinazowashwa kwa cheche za jiwe. Palikuwa pia na bunduki za mitutu miwili kutoka Ujerumani na Ufaransa, Enfield za Kiingereza na Springfield za Marekani.

Vitabu vya historia ya Tabora huzihesabu bunduki hizo kwa jumla, kana kwamba zote zilikuwa kitu kimoja. Hazikuwa. Kila mwenye bunduki katika msafara ule alikuwa na swali lake la kujibu kabla ya kufika vitani Ulyankulu: je, risasi zilizomo mkobani zinaingia katika mtutu alioubeba begani?

Leo anayemiliki bunduki kihalali hutaja namba dukani, akapewa kasha lililoandikwa namba ileile. Wakati ule namba ilikuwapo, lakini ilihesabiwa kwa mzani. Mtutu wa namba 12 ni ule unaojazwa na kitufe kimoja cha risasi endapo ratili moja ya madini hayo itagawanywa vitufe 12 vilivyo sawa. Namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana. Hesabu hiyo haijafa: bunduki ya marisau ya namba 12 anayoimiliki mkulima wa Sikonge au Urambo bado inabeba kipimo cha ratili, ingawa mwenyewe huenda hajawahi kuyeyusha risasi maishani mwake.

Gumegume ya jeshi la Uingereza, iliyopigwa chapa ya Tower, ilikuwa na mtutu wa upana wa kama milimita 19. Kitufe chake, 14 kwa ratili, kilikuwa na milimita 17.5 hivi. Pengo lile liliachwa makusudi. Baruti nyeusi huacha masizi mazito kila bunduki inapolia, na baada ya milio kadhaa mtutu huwa umesonga. Kitufe kilichoingia sawasawa asubuhi hukataa mchana, na aliye vitani hana muda wa kuosha bunduki kwa maji ya moto. Kwa hiyo askari alipewa kitufe kidogo, akakubali kukosa shabaha ili awe na hakika ya kushindilia.

Gumegume ya Kifaransa ilikuwa nyembamba zaidi: mtutu wake ulikuwa milimita 17.5, yaani sawa na kitufe cha Kiingereza. Mpagazi mwenye bunduki ya Kifaransa aliyeazima risasi kwa mwenzake mwenye Tower angeweza kukiona kitufe kikikaa mdomoni mwa mtutu wala kisishuke. Hatari kubwa zaidi ni kitufe kinachoshuka nusu ya njia kikakwama. Baruti ikilipuka chini, hewa ikabaki kati yake na risasi iliyonasa, mtutu wenyewe unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Mwenye Tower aliyeazima kitufe cha Kifaransa alikuwa na shida ya kinyume: kitufe kinacheza ndani, moshi na nguvu ya baruti vinapita pembeni, na bunduki ikiinamishwa risasi inaporomoka chini isipozuiwa na kitambaa au nyuzi zilizoshindiliwa juu yake kwa mdeki.

Waliobahatika ni wale wenye Enfield na Springfield. Moja ilitengenezwa Uingereza na nyingine Marekani, lakini mitutu yao ilikaribiana mno, milimita 14.7 hivi kila moja, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyokwisha mwaka 1865 askari waliweza kutumia risasi zilezile kwa zote mbili. Zilitumia risasi ya namna aliyoivumbua Mfaransa Claude-Étienne Minié mwishoni mwa miaka ya 1840: ina ncha mbele na uvungu nyuma. Hushuka bila taabu kwa sababu ni nyembamba kuliko mtutu, lakini baruti inapowaka uvungu ule hutanuka na kushika mifereji iliyochongwa ndani. Risasi hutoka ikizunguka, ikaenda mbali na moja kwa moja. Ila risasi ya Minié haifanywi kwa kukisia. Inataka kalibu yake hasa, yenye kitako cha kuuacha uvungu.

Mchanganyiko ule wa silaha ulikuwa na sababu. Kuanzia mwaka 1866 majeshi ya Ulaya yalianza kuziacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua zile za kupachika risasi nyuma. Malaki ya bunduki za zamani yakabaki bila kazi, wafanyabiashara wakayanunua kwa bei ya chini, na Unguja ikawa mojawapo ya masoko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Ulaya ilikuwa inamwaga mabaki ya vita vyake, na kila shehena ilikuja na upana wake wa mtutu. Kazi ya kuyapatanisha mabaki hayo ikaachiwa watu wa huku.

Naamini kazi hiyo haijapewa heshima yake. Risasi ilipandishwa kutoka pwani mabegani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, ratili 70. Ukipiga hesabu, mzigo mzima wa risasi ulitoa vitufe 980 vya Tower na si zaidi, baada ya safari ambayo Stanley, aliyekuwa na haraka kuliko wengi, aliimaliza kwa siku 84 kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe. Kitufe kilichosubiwa vibaya hakikuwa cha kutupa. Kilirudishwa chunguni.

Kwa bahati, risasi ni madini yenye huruma. Huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo mkaa wa miombo na mvukuto mmoja hulifikia kwa dakika chache. Msubi huisubiri ing'ae kama kioo, akaondoa utando wa uchafu juu, kisha akamimina kwenye kalibu kwa mkono usiosita. Vitufe vya kwanza huharibika karibu kila mara: kalibu ikiwa baridi, risasi huganda kabla haijajaa, na kitufe hutoka na makunyanzi kama ngozi ya ubuyu. Lazima kalibu ipashwe moto kwanza. Ikifunguliwa, kitufe huwa na mkia pale madini yalipomiminwa, na mkia huo hukatwa na kusuguliwa, kwa sababu kinundu kidogo tu kinatosha kukwamisha kitufe njiani. Mwisho hujaribiwa kwa bunduki yenyewe, ikiwa tupu: kiingizwe, kishuke kwa uzito wake, bunduki ipinduliwe, kitoke.

Risasi ikikosekana, palikuwa na chuma. Wafua chuma wa Usumbwa na Uzinza walijulikana nchi nzima kwa majembe yao, yaliyouzwa hadi Tabora. Lakini chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na tanuri za kienyeji hazikukimimina kama maji. Kilifuliwa kwa nyundo. Kitufe cha kufua hakiwi duara kamili, na kwa kuwa ni kigumu hukwaruza mtutu badala ya kulegea ndani yake. Hata hivyo ugumu ulikuwa na faida kwa wawinda tembo, maana risasi tupu hubonyea kwenye fuvu la mnyama huyo. Samuel Baker, aliyelifikia Ziwa Albert mwaka 1864, alilitatua tatizo hilo kwa kuchanganya risasi na zebaki ili kuikaza.

Magharibi zaidi walitumia shaba. Msiri, Msumbwa aliyetoka pande hizi za Unyamwezi katikati ya karne ya 19 kufuata biashara ya Katanga, alijijengea dola huko, na wahunzi wake Wayeke walisubu risasi za shaba kwa bunduki zao. Shaba inataka nyuzi 1,085, zaidi ya mara tatu ya joto la risasi. Aliyeweza kuimimina ikatoka duara inayopita mtutuni alikuwa bingwa wa kazi yake.

Bastola za mzunguko nazo zilipita njia hii, mikononi mwa wageni zaidi kuliko wenyeji. John Hanning Speke alipita Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, mwaka 1861, na mwaka uliofuata zawadi zake kwa Kabaka Mutesa zilikuwa pamoja na bastola ya namna hiyo. Nyingi za miaka ile zilishindiliwa baruti na kitufe katika kila tundu la silinda, na hapo kanuni ya gumegume iligeuka juu chini. Kitufe cha bastola kilitakiwa kiwe kikubwa kuliko tundu kwa unywele, ili kikisukumwa ndani kinyolewe pete nyembamba pembeni na kuziba kabisa. Kikiwa kidogo, mshindo wa tundu moja hukisogeza kile cha tundu jingine mbele kikaifunga silinda isizunguke, au mbaya zaidi, moto hupenya na matundu kadhaa yakalia kwa pamoja mkononi. Na baada ya silinda upo mtutu: risasi nyembamba kuliko mifereji yake huyumba hewani, hata kama mpigaji ana jicho la mwewe. Mhunzi aliyezoea gumegume asingeweza kuitengenezea bastola kwa mazoea yale. Alihitaji kujifunza upya.

Bastola iliyobadilisha historia ya watu wa njia hii ni ile ya Kapteni Omer Bodson. Msafara wake, ulioongozwa na William Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulipita Tabora mwaka 1891 ukielekea Katanga. Tarehe 20 Desemba Bodson alimpiga Msiri risasi na kumuua. Naye akapigwa palepale na watu wa Msiri, akafa.

Mwaka mmoja kabla, Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalikuwa yametia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ziliruhusiwa, kwa usimamizi. Wengi huusoma mkataba huo kama hatua dhidi ya biashara ya watumwa, na hilo lilikuwa lengo lake lililotajwa. Ukiusoma ukiwa Tabora unaonekana tofauti: Mwafrika aliachiwa bunduki ya kushindilia, na askari wa serikali wakabaki na ya kupachika.

Mwaka huohuo wa 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome imara na akiba kubwa ya baruti, na Wajerumani hawakuivunja kwa mara moja. Januari 1893 Luteni Tom von Prince alifanikiwa kuingia. Isike alijilipua katika ghala lake la baruti.

Askari wa Kijerumani walitumia Mauser ya 1871 ya milimita 11, yenye risasi na baruti vilivyofungwa pamoja katika ganda la shaba. Ganda hilo lilimaliza ubishi wa vipimo, lakini pia liliondoa kazi mikononi mwa mhunzi. Gumegume ilikubali kitufe kilichosubiwa uani. Mauser ilikula kile tu kilichotoka kiwandani Ulaya. Wajerumani wenyewe waliuonja utegemezi huo baada ya 1914, bahari ilipofungwa, huku askari wao wengi wangali na Mauser zilezile za moshi mwingi zilizowafichua kwa adui. Mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 19, karakana ya reli ya Tabora ilikuwa ikigonga sarafu: za dhahabu ya Sekenke za rupia 15 zenye picha ya tembo, na heller 20 zilizotokana na maganda yaliyokwisha kupigwa.

Jamaa wa gumegume hawajatoweka. Gobole bado hukamatwa katika misitu ya Tabora, mtutu wake bomba la chuma, na kinachoshindiliwa ndani ni gololi au vipande vya nondo visivyolingana na kitu chochote. Kumiliki moja bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sawa, kwa sababu silaha hizo huua watu na wanyama wasiotakiwa kufa.

Za kale ni jambo jingine. Kalibu na mitutu ya karne ya 19 ni kumbukumbu zetu, na wanunuzi wa chuma chakavu hawazibagui na majembe yaliyokwisha. Tembe la Kwihara, alipokaa Livingstone mwaka 1872, lingefaa kuwa mahali pa kuzikusanya, na ningependa kila moja ipimwe upana na kuandikwa, maana kipimo cha mdomo wa mtutu hutuambia ulitoka kiwanda cha nchi gani kuliko hadithi nyingi zinavyoweza. Kazi yenyewe inahitaji kalipa, daftari na fundi wa silaha. Fundi awe wa kwanza kuishika kila bunduki, kwa sababu baruti nyeusi iliyobaki kavu haiharibiki kwa miaka, na gumegume iliyoshindiliwa enzi za Isike inaweza kuwa bado imejaa.