Kompyuta Ikigoma, Tuulize Historia

Je, kompyuta yako hukwama ukihariri video? Wengi hukimbilia kununua mashine mpya. Pole pole! Tatizo hili lina umri.

Mwaka 1971, mtambo wa CMX 600 wa Marekani ulionyesha picha hafifu za nyeusi na nyeupe. Avid ya 1989 nayo ilitumia picha za ubora wa chini, maana diski za wakati huo zilijaa upesi. Mhariri alikata nakala hizo nyepesi, kisha orodha ya mikato yake ikatumiwa kuunganisha kanda asilia.

Programu za leo zimerithi mbinu iyo hiyo: tengeneza nakala nyepesi, hariri, kisha rejelea faili asilia unapotoa video kamili. Ijaribu kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao.