Fimbo na Neno: Nafasi ya Fimbo katika Historia ya Kumuse

Makala haya yanachunguza nafasi ya fimbo katika kumuse, yaani hotuba ya maombolezo ambayo Wabukusu humtolea mzee aliyeheshimika baada ya mazishi yake. Utanzu huu unapatikana Bungoma, katika sehemu kama Bokoli, na vilevile Kitale na viunga vyake, ambako Wabukusu wengi walihamia kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na, baada ya uhuru wa 1963, kununua ardhi. Fanani wake huitwa omuswala kumuse. Hadhira huketi na kuacha uwanja wazi. Naye hutembea mbele na nyuma katika uwanja huo, fimbo mkononi, akisimulia asili ya kabila tangu Mwambu na Sela, uhamaji, koo na marika, kisha akawaonya walio hai. Inadaiwa hapa kuwa fimbo hiyo si pambo. Ni sehemu ya matini, na mhakiki anayeiacha nje husoma nusu tu ya kazi.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni idhini. Si kila msemaji hodari aweza kutoa kumuse. Kazi hii hurithiwa katika koo maalumu, na uzee wa mfiwa au ufasaha wake hautoshi kumpa mtu haki ya kusimama uwanjani. Kwa hiyo fimbo hutenda kazi ya kisheria kabla ya kutenda kazi ya kisanaa: huwatangazia waliokusanyika kwamba anayesema sasa hasemi kwa niaba yake binafsi. Tofauti na chinyimba, yaani njuga ambazo kijana wa Kibukusu huzipiga anapowaalika jamaa kwenye tohara yake, fimbo ya omuswala haimwiti mtu. Huwanyamazisha watu ili wasikilize.

Jambo la pili ni historia ya jina ambalo mila hizi zilipewa. Wamisionari wa Kanisa la Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho yao yakaenea hadi Bungoma. Katika msamiati wa misheni, ibada za mababu ziliwekwa chini ya neno moja, upagani, bila ya kutofautisha tambiko, uganga na fasihi. Serikali ya kikoloni nayo ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925. Elijah Masinde, aliyelelewa katika kanisa hilohilo, aliasi na kuanzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua baadhi yao. Mwaka huohuo dini hiyo ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Katika hali kama hiyo, mzee aliyeonekana hadharani na fimbo ya mila aliweza kudhaniwa kirahisi kuwa mchochezi. Kumuse ilidumu, pengine kwa sababu ilijificha mahali ambapo hata kanisa lisingeweza kuzuia mkusanyiko: matangani.

Ulinganisho na Uingereza unafaa kutajwa. Mwaka 1951 Bunge la nchi hiyo lilifuta Sheria ya Uchawi ya 1735, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichoitangaza dini iitwayo Wicca. Dola ileile iliyolegeza kamba nyumbani ilikuwa bado imeikaza Bungoma. Lakini tofauti ya ndani ni kubwa zaidi. Mfuasi wa Wicca huhimizwa achague mti wake, auchonge mwenyewe na autie alama zake, ili fimbo iwe kioo cha nafsi yake. Fimbo ya omuswala nayo huchongwa kwa mikono ya mtu, ikahitaji mti mgumu usiopasuka unapogonga ardhi, ila maana yake haitoki kwa mchongaji. Hutoka kwa ukoo na kwa hadhira inayoitambua. Hata Lamu, alikohamishiwa Masinde, wanaume wanaocheza goma hushika bakora kwa safu nzima, na maana hukaa katika safu. Katika kumuse fimbo ni moja, na aishikaye husimama peke yake mbele ya wote.

Jambo la tatu ni utendaji wenyewe. Ruth Finnegan mwaka 1970, na Isidore Okpewho mwaka 1992, walisisitiza kwamba fasihi simulizi haiwezi kutenganishwa na utendaji wake. Hata hivyo, mtafiti hurudi chuoni na kaseti, akainukuu sauti na kuipanga katika aya. Mahali ambapo fanani alisita, akaegemea fimbo yake na kuiacha hadhira itafakari jina la marehemu, karatasi huonyesha nukta. Mahali alipoielekeza fimbo kwa wazee waliokosa, karatasi haionyeshi kitu. Onyo lililokuwa na mlengwa hugeuka methali ya jumla. Makumbusho nayo hukosea kwa upande wa pili: huihifadhi fimbo ndani ya kioo, ikiwa bubu.

Hasara hii si ndogo. Waswala kumuse wanazidi kupungua, na vijana wa koo hizo wengi wamesomea kazi nyingine. Kitakachobaki ni kile kilichonukuliwa. Ikiwa manukuu hayaonyeshi fimbo ilipoinuliwa, ilipogonga na ilipotulia, kizazi kijacho kitairithi hotuba isiyo na mamlaka, na kitashangaa kwa nini watu wazima waliketi kimya saa nyingi kuisikiliza. Wajibu wa mhakiki basi ni kuandika fimbo kama anavyoandika neno.