Kiti na Mfuko: Historia ya Kura za Madiwani katika Ufipa

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wengine wataeleza habari za mahindi, maharage, maghala na mikopo. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za kura, yaani jinsi watu wa uwanda wa juu wa Ufipa walivyopata haki ya kumchagua diwani wao, wakanyang'anywa, kisha wakarudishiwa. Huenda mwanachama akauliza habari hizo zauhusu nini ushirika. Twajibu ya kwamba halmashauri na ushirika vimesimama pamoja na kuanguka pamoja, na kila vilipoanguka mfuko ndio uliotangulia.

Watu wa Ufipa hawakufundishwa na wageni namna ya kuchagua. Zamani za watawala wa Kitwa, Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile walipata viti vyao kwa ukoo. Lakini mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, nao waliweza kumwondoa. Hata ujio wa Watwa husimuliwa kama habari ya kiti. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe asimwache mgeni yeyote kukalia kiti chake. Wakaja wanawake wa Kitwa, wakakikalia. Mwenyewe aliporudi alikuta utawala umekwisha kumtoka, akabakiwa na Milansi yake na heshima ya kale.

Waingereza walipotawala Tanganyika waliwatumia machifu, kwa sheria ya mwaka 1926. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilifungua njia ya kuundwa halmashauri. Lakini uchaguzi mkuu wa kwanza wa nchi, wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na 1959, ulimwacha nje mkulima wa kawaida. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Tena alilazimika kuwapigia kura watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkulima wa ulezi, ambaye jasho lake lilijaza vihenge vya nchi, hakuhesabiwa kuwa mtu wa kuulizwa neno.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 machifu wakaondolewa katika utawala. Halmashauri za wilaya zikabeba kazi za shule, zahanati na barabara. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, uliokuwa wa chama kimoja, wagombea ubunge wawili walisimamishwa, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye apate kuchagua. Mawaziri kadha wa kadha walishindwa. Wananchi wakaona ya kwamba kura yaweza kumwondoa hata mkubwa.

Lakini tazameni jambo lililofuata. Kati ya mwaka 1969 na 1970 kodi ya wilaya na ushuru wa mazao, vilivyokuwa nguzo za mfuko wa halmashauri, viliondolewa. Mkulima alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa na haki yake, maana kodi zile zilimlemea. Ila diwani alibaki na kazi nyingi bila fedha. Haikupita miaka mitatu, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa. Fedha, watumishi na mipango vikawa mikononi mwa maofisa wa Serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mashirika ya umma yakawa wanunuzi wa mazao ya vijiji.

Haifai kusema ya kwamba yote yalitoka juu. Kamati ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu na hesabu mbaya katika vyama vingi nchini. Wanachama walikuwa na kura, ila hawakukidai kitabu cha hesabu. Basi siku ya kuvunjwa ilipofika, watetezi walikuwa wachache.

Hasara ilipoonekana, mambo yakarudishwa. Halmashauri za miji zilitangulia mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri za wilaya na vyama vikuu vya ushirika, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992. Oktoba 1994 madiwani wakachaguliwa chini ya mfumo huo, na tangu mwaka 2000 huchaguliwa siku moja na Rais na Wabunge. Kwamba watu wa uwanda huu huchagua kwa akili yao, mwaka 2020 ulishuhudia: jimbo pekee ambalo CHADEMA ilishinda nchini lilikuwa Nkasi Kaskazini. Hatuandiki hayo kwa kusifu chama chochote wala kukilaumu. Ushirika hauna chama cha siasa.

Leo Mkoa wa Rukwa una halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, na wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Kata nyingi zimegawanywa, na mzee aliyepiga kura katika kata moja huenda leo wanawe wanapiga kura katika kata mbili. Mipaka hubadilika, wala si hoja. Hoja ni ushuru wa mazao, ambao umerudi. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa hiyo kila gunia la mahindi liuzwalo lina sehemu yake katika mfuko ambao diwani huketi kuugawa.

Basi, ndugu wanachama, yatupasa kufanya mambo mawili. Diwani na aulizwe katika mkutano wa hadhara, ushuru wa kata yetu umefanya kazi gani. Na katika mkutano mkuu wa chama, ambako kila mwanachama ana kura moja, awe na debe moja au magunia mia, hesabu zisomwe na kuhojiwa kabla ya viongozi kuchaguliwa. Anayechagua mtu bila kuuliza habari za mfuko amechagua nusu tu.